Muulize Mwalimu wa Hesabu: Viti 221 vya harusi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninakodisha hema na viti vya harusi hapa Majengo, Mombasa. Nina viti 221. Mteja anataka vyote vipangwe kwa safu zilizo sawa, kisibaki hata kimoja. Kijana wangu wa kazi amejaribu kugawa kwa 2, 3, 5, 7 na 11, zote zimekataa, akasema 221 ni nambari tasa, yaani haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni kweli? Na mtu hujuaje kuwa amejaribu vya kutosha?
Mkodishaji viti, Majengo

JIBU: Marahaba. Si tasa. Panga safu 13 za viti 17, au safu 17 za viti 13 ikiwa ukumbi ni mrefu. Kijana wako alishika njia sahihi, alibakiza hatua moja tu. Lakini swali lako la pili ndilo nililolipenda zaidi.

Vigawo vya nambari, yaani zile zinazoigawa bila kubakisha, huja viwili viwili: kimoja kikiwa kikubwa, mwenzake huwa mdogo. Sasa 15 mara 15 ni 225, tayari imepita 221. Basi haiwezekani vyote viwili vifike 15. Lazima kimoja kiwe 14 au chini yake. Ukifika 14 mikono mitupu, funga daftari, huko mbele hakuna kilichojificha. Wala usihangaike na 4, 6 au 9, maana iliyokataa 2 haiwezi kukubali 4, na iliyokataa 3 haiwezi kukubali 9. Zinabaki tasa sita za kujaribu: 2, 3, 5, 7, 11 na 13.

Kati ya hizo, tatu humalizwa kwa macho. 221 inaishia na 1, kwa hiyo 2 na 5 zimetoka. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 2, 2 na 1 ni 5, nayo 5 haigawiki kwa 3. Kanuni hii watoto wengi huikariri tu, na huniuma, kwa sababu sababu yake ni nyepesi. Mia ni 99 na 1. Kumi ni 9 na 1. Katika 221 mna mia mbili na kumi mbili. Ukiondoa zile 99 mbili na zile 9 mbili, ambazo zote zinagawika kwa 3, unabakiwa na 2, na 2, na ile 1 ya mwisho. Hizo ndizo tarakimu zenyewe! Na kwa kuwa 99 na 9 zinagawika kwa 9 pia, kanuni inafaa hata huko.

Njia ya kukomea mapema ni ya kale. Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Alexandria huko Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, ndiye anayetajwa kwa njia ya kuchuja tasa. Andika 2 hadi 100, acha 2 lakini ufute nambari nyingine zote zinazogawika kwayo, kisha fanya vivyo hivyo kwa 3, 5 na 7. Kazi imekwisha, kwani 11 mara 11 ni 121. Zitabaki tasa 25.

Ushauri wa biashara: usiongeze viti viwili, 223 ni tasa kweli. Ongeza 19 vifike 240. Nambari hiyo ina vigawo 20, hata uletewe ukumbi gani utapata mpango.

SWALI: Mwalimu, Mombasa ni kaunti nambari 001. Binamu yangu wa Kwale, 002, ananitambia eti yao ni tasa na yetu si tasa. Kwani 1 inagawika kwa nini?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Mwanangu, binamu yako yuko sawa. Tasa lazima iwe na vigawo viwili kamili: 1 na yenyewe. 1 ina kimoja tu. Zamani wapo wanahisabati walioihesabu kuwa tasa, hata mwanzoni mwa karne ya 20, lakini inaharibu jambo kubwa: kila nambari inayozidi 1 huvunjika kuwa tasa kwa njia moja pekee. 60 ni 2×2×3×5, basi. Ukiikubali 1, utaandika 1×2×2×3×5, kisha 1×1×2×2×3×5, bila mwisho. Hapa Pwani, Kwale (2), Kilifi (3) na Lamu (5) ni tasa. Tana River (4) na Taita Taveta (6) zinagawika. Mombasa haimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili.