Kupanda Mlima wa Adam, Sri Lanka: Ziara au Matembezi?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Temeke. Mwezi wa Februari tunakwenda Sri Lanka kikazi, na wenzangu wamepanga tupande Mlima wa Adam usiku ili tuone jua likichomoza. Nasikia kileleni upo unyayo wa Nabii Adam. Je, inafaa niende kwa nia ya ziara?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kupanda mlima kwa matembezi na mazoezi asili yake ni halali, kwa hiyo panda, ila nia ya ziara iache. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amesema kwamba safari haifungwi ila kwenda misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa al-Aqsa. Wanavyuoni wana maneno marefu juu ya kuzuru makaburi, lakini jabali lisilo na dalili halifiki hata kwenye mjadala huo.

Ama unyayo, Surat al-Baqara aya ya 36 inataja kuteremshwa kwa Adam bila kuitaja nchi. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa yetu mwaka 1331, aliupanda mlima huo mwaka 1344 na akausimulia. Simulizi la msafiri, hata awe mkweli, halithibitishi ibada. Alama hiyohiyo Mabudha husema ni ya Buddha na Wahindu husema ni ya Shiva. Ipo pia kengele ambayo mahujaji wao huigonga kwa idadi ya mara walizopanda. Usiiguse, hata kwa mzaha. Ukiambiwa uvue viatu, vua, kwani hiyo ni adabu ya kuingia kwa watu.

Linalonitia wasiwasi zaidi hukuliuliza, nalo ni sala ya Alfajiri. Februari imo ndani ya msimu wao wa hija, unaoanza Desemba hadi Mei, na njia ya upande wa Hatton ina vidato zaidi ya 5,000, hivyo alfajiri huenda ikakukuta umebanwa na umati unaongoja jua, ilhali jua likichomoza tu wakati wa sala umetoka. Tia udhu kabla ya kuanza kupanda, beba chupa ya maji, na uswali pembeni mwa njia, karibu na vibanda vya chai, kabla hujafika juu penye hekalu. Usielekee kaskazini kwa mazoea ya Dar es Salaam. Kule kibla ni magharibi, kwa kupinda kidogo kaskazini, kwa hiyo macheo yatakuwa mgongoni mwako. Ukishatoa salamu, maliza kupanda ulitazame jua pamoja na wenzako. Hilo halina ubaya.