Jibu: Kwa nini New Zealand inapitisha pesa za msaada kwa vikundi vya jamii badala ya kuzipa familia moja kwa moja?

Ndugu, familia zinalipwa moja kwa moja pia, posho za serikali zipo. Tatizo ni wanaobaki nje: mwenye viza ya muda kwa kawaida hapati posho hizo, na wazee wengi wa Kisamoa au Kitonga hawaendi ofisini kujieleza shida kwa Kiingereza.

Auckland, mji mkubwa kuliko yote huko, ilipofungwa kwa korona Agosti 2021, Wapasifiki, yaani watu wenye asili ya visiwa kama Samoa na Tonga, ndio walioumia zaidi mwanzoni. Makanisa na vikundi vyao vilijua nyumba gani inalala watu kumi na nani ana ugonjwa wa sukari. Kikapu cha chakula kikija na magimbi na nyama ya kopo, kinaliwa. Na anayekileta anasalimia kwa lugha ya nyumbani.

Utaratibu wenyewe haukuanza na korona. Chini ya Whānau Ora, mpango wa serikali wa kusaidia familia nzima, shirika la Wapasifiki liitwalo Pasifika Futures lilikuwa likipokea fedha za serikali kuanzia 2014 hadi Juni 2025 na kuzigawa kwa mikataba kwa vikundi vya mitaani, ambavyo huipa kila familia mtu wa kuifuatilia: kodi ya nyumba, kazi, shule ya watoto.

Ubovu wake, kwa maoni yangu, ni mikataba mifupi. Kikundi kidogo kinamaliza nguvu kwenye ripoti, na mfanyakazi mzuri anahama kabla fedha mpya hazijaingia.