Swali la lugha: Abramović kaigiza nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandika makala fupi ya mtandaoni kuhusu Marina Abramović, msanii anayetumia mwili wake mwenyewe mbele ya watazamaji, na maonyesho yake ndani ya Gallerie dell'Accademia, jumba la sanaa kule Venice, Italia, yale yaliyopangwa kufunguliwa Mei 2026, kazi zake zinakaa pamoja na michoro ya zama za Renesansi. Nimeandika "Mwigizaji maarufu Abramović kuigiza pembeni ya Titian", yule mchoraji wa zamani wa Venice. Rafiki yangu kasema "mwigizaji" siyo, niweke "mtendaji". Nani yuko sahihi? Halafu ni maonyesho au maonesho?

Jibu: Marahaba mwanangu. La mwisho nalimaliza kwanza maana halina ugomvi. Maonyesho, maonesho, vyote vimetoka kwenye ona na vyote vinatumika, chagua kimoja ukae nacho mpaka mwisho wa makala.

Linalonitoa povu ni hilo "kuigiza". Siyo lako peke yako, ni ugonjwa wa siku hizi, kila mtu akisimama mbele za watu akafanya chochote basi habari itasema "ameigiza". Ngoma imechezwa mbele ya mgeni rasmi, mtangazaji anasema kikundi "kiliigiza". Mzee kaghani utenzi, ati "aliigiza utenzi". Jamani! Ngoma inachezwa, utenzi unaghaniwa, maulidi yanasomwa, taarabu inaimbwa, kila kitu kina kitenzi chake na bibi zetu hawakuwahi kuchanganya, leo sisi wenye simu mbili mbili ndo tunavitupa vyote tunabaki na kimoja, tena kile kisichofaa.

Igiza imezaliwa na iga, haina safari ndefu. Kuiga ni kufanya kama fulani, kuigiza ni kujifanya fulani watu wakitazama. Humo ndani kuna kujifanya, ukikitoa neno linakufa.

Chukua mpira. Mchezaji kaingia kwenye boksi, hajaguswa na mtu, kajirusha chini kashika goti analia. Huyo kaigiza, na refa akimpa kadi ya njano anampa kwa sababu hiyohiyo. Sasa dakika kumi baadaye mwenzake kavunjika mguu kweli, mfupa umekwenda, machela imeingia uwanjani, wewe uandike "ameigiza kuvunjika"? Mama yake akisoma atakuelewa? Hutaandika, kwa sababu moyoni unajua kabisa igiza maana yake nini. Basi kwa nini msanii akikatwa kisu kweli unasema kaigiza?

Maana huyu mama alikatwa. Naples, Italia, 1974, alisimama kwa muda wa saa sita bila kujitetea, mezani kaweka vitu 72, kuna waridi, kuna asali, kuna unyoya, kuna mkasi, kisu cha upasuaji, bastola na risasi yake moja, akawaambia watu wamfanyie watakacho. Mwanzo walimpa ua. Baadae wakamkata nguo, wakamchana shingoni, mmoja akaweka risasi ndani ya bastola akaielekeza kwake mpaka watu wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Saa zilipokwisha akaanza kutembea kuwafuata, wakakimbia. Sasa niambie kaigiza nini hapo, damu ilikuwa yake, kisu kilikuwa kisu. Yeye mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba tofauti ya sanaa yake na thieta ni hiyohiyo, kwenye thieta kisu ni cha uongo na damu ni ya uongo. Yani neno unalompa ndilo analolikataa maisha yake yote!

Hapo Venice penyewe mwaka 1997, kwenye Biennale, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, alikaa juu ya rundo la mifupa ya ng'ombe yenye damu akaisugua kwa siku kadhaa, saa nyingi kila siku, kwa ajili ya vita vya Yugoslavia, nchi aliyozaliwa, na wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu. Alisugua. Mwaka 2010 New York, pale MoMA, jumba la sanaa ya kisasa, alikaa kitini kwa jumla zaidi ya saa 700 akitazamana na yeyote aliyekuja kukaa mbele yake. Alikaa. Mwaka 1988 yeye na Ulay, msanii mwenzake na mpenzi wake, walianza ncha mbili za Ukuta Mkuu wa China, wakatembea siku 90 mpaka wakakutana, wakaagana, mapenzi yakaisha hapo. Walitembea. Unaona vitenzi vilivyo vizuri? Vifupi, kila mtu anavijua, na ndivyo vyenye habari yote.

Najua utanishika wapi. Kuna ile picha ya 1983, Abramović amempakata Ulay, yeye kwa nguo nyekundu mwenzake nyeupe, mkao ni ule wa Bikira Maria na maiti ya mwanawe, na waandaaji walitangaza itawekwa na Pietà ya Titian, mchoro wa Maria na maiti hiyohiyo. Hapo nakubali, kauiga mkao. Iga, sawa. Lakini kupakata kapakata kweli, uzito wa mwanaume mzima uko mapajani kwake.

Tena ukitaka kujifanya ndani ya chumba hicho nenda upande wa Titian. Huo mchoro aliukusudia kaburi lake mwenyewe, na yule mzee aliyepiga goti mbele ya maiti, ambaye wengi humwita Mtakatifu Yeronimo, inaaminika ni Titian kajichora. Kaazima sura ya mtakatifu! Na chini pembeni kuna kijipicha kidogo, yeye na mwanawe Orazio wanasali, tauni iko mjini. Mwaka 1576 Titian akafariki, Orazio naye akaondoka na tauni, mchoro akaja kuumalizia mchoraji mwingine, Palma il Giovane. Kila nikifikiria kile kijipicha nanyamaza kidogo.

Haya, rafiki yako na "mtendaji" wake. Nia nzuri, kitenzi ndicho, tenda ni mzizi wenye heshima, utendi na utenzi wetu vimetoka humo. Ila mtendaji kwetu ana muhuri na ofisi ya kata, msomaji akiona "mtendaji Abramović" atauliza wa kata gani. Na "sanaa ya tendo" usithubutu, unajua watu watafikiria tendo gani, hasa ukizingatia yeye na Ulay mwaka 1977 kule Bologna walisimama uchi mlangoni wageni wapite katikati yao. "Sanaa za maonyesho" nayo vyuoni tayari ni thieta na ngoma na majigambo, halafu utaishia kuandika maonyesho ya sanaa za maonyesho.

Mimi natumia "sanaa ya kutenda", na mwenyewe "msanii". Vijana wanaandika "pafomansi", zamani ningewagombeza, sasa hivi nawaacha, sinema nayo iliingia hivyohivyo na hakuna aliyekufa. Bora pafomansi mara mia kuliko igizo.

Kichwa chako ningekiandika: "Abramović aliyempakata Ulay akutana na Pietà ya Titian". Na ndani ya makala futa kila "kuigiza", weka alichofanya.