Mbona "jij werkt" halafu "werk jij"? Ile t imeenda wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Najifunza Kiholanzi mwenyewe kwenye simu, huu mwezi wa tatu sasa, na vitenzi vya wakati uliopo vinanichanganya kabisa. Naambiwa "jij werkt" (wewe unafanya kazi) ina t, nikiuliza swali inakuwa "werk jij", t haipo. Halafu lopen (kutembea) inaandikwa "ik loop", hiyo o ya pili imetoka wapi? Nimekariri majedwali mpaka nimechoka.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, pole na hongera kwa kufika hapo peke yako. Majedwali hebu yaweke pembeni kwanza. Sisi mtenda tunamweka mwanzoni, ndani ya kitenzi chenyewe, ukisikia "anafanya" hata jina huhitaji. Kiholanzi alama iko mwishoni na ni ndogo mno, haitoshi kukwambia ni nani, kwa hiyo ik (mimi), jij (wewe), hij (yeye mwanaume), wij (sisi) lazima uzitaje kila mara. Ukisema "werk" tupu umemwamuru mtu afanye kazi.

Werken (kufanya kazi), toa en, linabaki shina: ik werk. Jij, u (wewe wa heshima), hij na zij wanaongeza t, werkt. Wengi wote ni werken vilevile. Na hapo ndo unajua zij ni mwanamke mmoja au ni watu wengi, "zij werkt" ni yeye, "zij werken" ni wao.

Sasa t yako. Inadondoka pale tu jij au je (jij kwa kifupi) inapokuja nyuma ya kitenzi, na sio kwenye maswali peke yake kama wengi wanavyofundishwa, hata "morgen werk je thuis" (kesho unafanya kazi nyumbani) haina t na wala sio swali. Hij na u hawaguswi: werkt hij? werkt u? Ila kuna mtego mmoja naomba uushike sana, "werkt je moeder?" t inabaki, manake je hapo ni "yako", anayefanya kazi ni mama. Usiangalie neno lililo jirani, tafuta nani anatenda.

Kwenye worden (kuwa, kugeuka) ndo utaona umuhimu wake, "ik word" na "hij wordt" sikio halitofautishi hata kidogo, na Waholanzi wenyewe wanakosea kuandika hadi kosa lina jina, dt-fout, yaani kosa la dt. Dawa yake ni kuweka lopen mahali pake kichwani, ukisikia loopt basi andika wordt, ukisikia loop andika word. Mimi naiamini hii kuliko jedwali lolote.

Kuhusu o mbili, sikiliza usiangalie. Lo-pen, o ni ndefu, ukitoa en inabaki lop na hiyo inasomeka fupi, kwa hiyo unaandika loop ili sauti ibaki ilivyokuwa. Maken, ik maak. Wonen, ik woon. Zitten ni kinyume, irabu ni fupi tayari, t moja inaondoka: ik zit, na jij zit pia, kwa sababu shina lenyewe limeshaishia na t na Kiholanzi hakiandiki t mbili mwishoni. V inageuka f, z inageuka s: leven, ik leef, lezen, ik lees. Komen tu ndo imekataa, ik kom, o moja, ifupishe.

Vya kukariri ni vichache. Kunnen (kuweza), mogen (kuruhusiwa), willen (kutaka), zullen (ya wakati ujao), hij hapewi t: hij kan, hij mag, hij wil, hij zal. "Hij wilt" utaisikia mitaani lakini usiiandike kwenye mtihani. Hebben (kuwa na) ni heb, hebt, heeft. Zijn (kuwa) ndo haifanani na kitu: ik ben, jij bent, hij is, wij zijn. Ila hata yenyewe inafuata ile sheria yako ya t: jij bent, ben jij.