Kabla hujawasha hiyo huduma ya mita 60: "UTM ni UTM" ni uongo

Mkuu uliye Tabora, simama hapo hapo. Umesema huduma yako ya JavaScript inasoma bikoni (alama za mipaka ya viwanja) za ramani za upimaji za zamani, inachora mita 60 kuzunguka bwawa la Igombe, kisha inatoa orodha ya viwanja vilivyomo ndani. Halafu ukamalizia: "UTM ni UTM, nimeweka 32736 yakaisha." Hayajaisha! UTM ni gridi ya mita iliyogawa dunia kwa kanda, na 32736 ni namba ya EPSG, yaani orodha ya mifumo ya kuratibu; gridi moja inaweza kukaa juu ya datamu tofauti, yaani msingi ambao vipimo vinaanzia.

Ramani za zamani za nchi hii nyingi ni za Arc 1960, datamu ya zamani ya Afrika Mashariki. Kwa Tabora hiyo ni EPSG:21036. Hiyo 32736 yako ni ya WGS 84, datamu ya GPS. Kanda ni ile ile ya 36, zote zinahesabu kwa mita, na namba zinafanana kiasi kwamba jicho halishtuki. Ila ukisoma za moja kana kwamba ni za nyingine, bikoni inahama karibu mita 300. Na wewe unapima 60.

Huku Kigoma maneno hayo hayo tulifundishwa na mkufunzi aliyelipwa vizuri. Akatupa mstari wa proj4 (maktaba ya kugeuza namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine) wa 21035, yaani Arc 1960 ya kanda ya 35, alioufupisha mwenyewe, ameondoa kipande cha +towgs84=-160,-6,-302 kwa sababu eti "hakina kazi". Ndicho chenye kazi yote, ndicho kinachohamisha kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84! Kikikosekana, proj4 haitoi kosa lolote; inageuza mita kuwa nyuzi na kuiacha datamu kama ilivyo. Nyumba zikasogea kaskazini, na pia makumi ya mita magharibi, yaani upande wa ziwa. Watu wa Kibirizi waliojenga juu kabisa wakatokea kwenye orodha ya waliovamia mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mama mmoja aliamka akakuta X nyekundu ukutani, rangi bado inachuruzika kwenye tofali. Akaanza kuzunguka maofisini na hati yake kwenye mfuko wa nailoni. Mkufunzi alipopigiwa simu akasingizia GPS za simu. GPS ya simu inakosea mita chache, jamani, siyo 300! Nikimkumbuka nachemka hadi leo.

Kwa hiyo shika hili tu: namba isiingie kwenye seva bila EPSG yake. Mteja asipoitaja, huduma ikatae, irudishe MissingParameterValue (kosa la WPS, kiwango cha huduma za kuchakata ramani mtandaoni, la ingizo lililokosekana), isikisie. Usitegemee GeoJSON, muundo wa faili za ramani, ikubebee. Tangu RFC 7946 ya 2016, kiwango chake rasmi, sehemu ya crs (ya kutaja mfumo wa kuratibu) iliondolewa, kila kitu kinahesabiwa ni WGS 84. Kwa hiyo namba ya EPSG, mfano 21036, iwe ingizo linalojitegemea kwenye Execute (ombi la WPS la kuendesha kazi), na la lazima.

Kisha chukua bikoni moja ambayo bado ipo ardhini. Ipitishe kwenye huduma, nenda usimame juu yake na simu. Sehemu inayotoa huduma na inayotoa simu zikipishana mita mia mbili au tatu, towgs84 yako imepotea njiani.

Na ukija kuhudumia mkoa wetu, angalia nyuzi 30 mashariki, mpaka wa kanda mbili: Kigoma mjini na Ujiji ni kanda ya 35, Kasulu na Kibondo ni ya 36. Usichague kanda kwa jina la mkoa.

Iendeshe kwa Node (JavaScript ya seva) au ndani ya GeoServer (seva ya ramani), tumia unayoizoea. Bandika hapa mstari wako wa proj4.defs kama ulivyo tuukague, na hiyo orodha usimpe mtu yeyote kwanza.