Kabla Hujapeleka Kichekesho Chako Kwenye TV

Vijana wengi wanaoniandikia huuliza jambo lilelile: "Kaka, nifanyeje na mimi nionekane kwenye TV?" Mdogo wangu, kuonekana siku hizi si kazi. Simu unayo, bando unalo. Kazi ni kubaki na kitu cha kusema ukishaonekana, maana runinga ina njaa ambayo jukwaa halina.

Jukwaani kichekesho kimoja unaweza kuishi nacho. Nilikuwa na kimoja cha mwendokasi, yale mabasi ya Dar yenye njia yake: kwenye daladala ukikanyagwa unamlalamikia konda, lakini mwendokasi haina konda, kwa hiyo unamlalamikia Mungu. Mwanzoni kilikuwa kirefu, kina Kimara, kina foleni, kina mama mwenye ndoo ya samaki. Watu walicheka kwa adabu tu. Nikawa nakipunguza kila shoo, harusini, kwenye sendofu, kwenye baa za Sinza ambako hakuna anayekusikiliza mpaka umlazimishe. Ndoo ikatoka, mama naye akatoka. Mwishowe nikaacha hata kumtaja Mungu. Nasema "mwendokasi haina konda", nanyamaza, nainua macho juu taratibu kama mtu anayetafuta feni. Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kulia kwa kicheko. Kilinilisha muda mrefu, kwa sababu ukikitoa Morogoro, Dodoma bado ni kipya.

Kikarushwa kwenye TV Ijumaa moja. Muda si mrefu niko Mwanza, nafika kwenye "haina konda", ukumbi mzima ukainua macho juu kabla yangu. Makofi yalipigwa, tena mengi, ila hakuna aliyecheka kama mtu aliyeshtukizwa. Nikakizika palepale.

Kwa hiyo wakikupa dakika tano za runinga, toa vile ulivyokwisha kuvichoka. Vile bora viache vizunguke mikoani kwanza. Mwandaaji hatakuambia hivyo, yeye anataka kizuri chako chote leo, na wiki ijayo ana mgeni mwingine.

Sasa angalia waliodumu. King Majuto, Amri Athumani wa Tanga, Mungu amrehemu, alianza kuigiza angali mtoto na akafariki mwaka 2018 bado nchi ikimcheka. Nitajie kichekesho chake kimoja neno kwa neno. Huwezi, lakini yule mzee unamwona hapo ulipo: ubishi wake, tamaa zake, na jinsi anavyoshangaa kosa alilolifanya mwenyewe. Kenya walikuwa na Mzee Ojwang, marehemu Benson Wanjau, kwenye Vitimbi ya KBC, miaka nenda rudi mzee yuleyule. Halafu Charles Bukeko, aliyefariki 2020, alikuwa Papa Shirandula wa Citizen TV, mlinzi anayemficha mkewe kazi anayofanya. Kipindi kinaweza kwenda hata miaka kumi juu ya siri kama hiyo, kwa sababu kila anayepiga hodi anaweza kuifichua.

Hapo ndipo pa kuwekeza ukitaka TV. Kichekesho kikisharushwa kimekwisha, ila mhusika kadiri anavyorushwa ndivyo anavyozidi kuchekesha, maana watu wameshamjua. Mtoe kwa mtu unayemfahamu kweli, mjomba, mwenye nyumba, mzee wa kamati ya harusi. Jua anataka nini na anaficha nini. Sauti ya kubana pua na suruali iliyovutwa mpaka kifuani vije baadaye, kama vina ulazima. Wengi wanaanzia kwenye suruali.

Jambo la lokesheni sasa, yaani pale mnaposhutia, maana linawaumbua wachekeshaji wa jukwaani. Jukwaani umezoea kusubiri kicheko: unasema, unaachia nafasi, watu wanacheka, unaendelea. Lokesheni hakuna anayeruhusiwa kucheka. Ukiiacha ile nafasi, kwenye picha unaonekana umesahau maneno. Halafu "Kata!", bodaboda imepita, tunarudia. "Kata!", kivuli cha maiki kimeonekana, tunarudia. Ikifika zamu ya kamera kuja usoni kwako, maneno yako unayasikia kama tangazo la msiba. Dawa niliyoipata ni kuacha kuchekesha. Namsikiliza mwenzangu kwenye sini, nadai kile mhusika wangu anachokitaka, basi. Ukikonyeza kamera umeharibu.

Kuhusu mikataba sitamung'unya maneno. Kundi la vichekesho la Ze Comedy lilipohama kituo cha EATV kwenda TBC1, jina halikwenda nao, wakawa Orijino Komedi. Wao walikuwa wakubwa kiasi kwamba watu waliwafuata. Wewe bado. Na mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, malipo yake ya matangazo yalizua maswali mpaka waziri mwenye dhamana ya sanaa, Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Kama yalimkuta mtu wa jina lile, wewe nani?

Jina la mhusika wako lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara kabla hujaingia ofisi ya mtu. Skripti zako andika, weka tarehe, peleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sababu hakimiliki hailindi wazo ulilolisimulia kwa mdomo kijiweni. Kwenye mkataba tafuta pale panapoeleza marudio, vipande vya YouTube, na kama unazuiwa kumcheza mhusika huyo kwingine. Mimi nimewahi kuletewa mkataba usiku, katikati ya shuti, kalamu imeshafunguliwa na taa zinaniwakia usoni. Nikasema nitausoma kesho. Walinuna, lakini kesho yake tulishuti kama kawaida.

Na u-MC wa harusi usiuache. Wasanii wenzangu wanaudharau, ila kamati ya harusi inatoa advansi, na sizoni ya kwanza ya tamthilia ikiisha hata prodyuza mwenyewe hajui ya pili itapigwa lini.