Zahanati inahitaji mkunga wa pili

Swali lenu la wiki hii lilitaka kujua kinachohitajika zaidi ili huduma ya uzazi vijijini Tanzania isisimame: majengo, magari au watumishi. Jibu langu ni mkunga, na hasa mkunga wa pili katika kila zahanati inayozalisha.

Sibezi yaliyokwisha kufanyika. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wanawake vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104. Mfumo wa m-mama nao umewezesha mwenye dharura ya uzazi kupiga 115 bila malipo, akapatiwa gari la wagonjwa au dereva wa jamii. Hata hivyo, mara nyingi simu hiyo hutegemea mtu aliyekesha na mzazi, akaona katika patografu (chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu) kwamba uchungu umevuka mstari wa tahadhari.

Kazi hiyo haina saa za ofisi. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa nne. Mtoto akishatoka, mama huchomwa oksitosini (dawa ya kuzuia damu kuvuja, nayo hutaka jokofu, hivyo umeme nao usisahauliwe) na tumbo lake huendelea kupapaswa, maana avujaye damu nyingi aweza kufariki ndani ya saa mbili. Mkunga aliye peke yake akimsindikiza mgonjwa wa rufaa, anayebaki na uchungu hana wa kumhudumia. Asipomsindikiza, mgonjwa husafiri bila mtaalamu. Asubuhi kliniki ya wajawazito inamngoja, awe amelala au hakulala.

Wapo wanaotaka wakunga wa jadi wazibe pengo hilo. Wanaaminiwa, na hakuna anayewazidi katika kumshawishi mjamzito awahi zahanati, lakini kuwaachia uzazi wenyewe ni kuwabebesha dharura wasizo na dawa wala vifaa vya kuzikabili.

Kwa hiyo, kabla ya kupitisha fedha za wodi mpya, halmashauri ingepaswa kuonesha ikama (idadi ya watumishi waliopangiwa kituo) ya wakunga wawili na nyumba zao ndani ya eneo la zahanati, kwa kuwa mkunga aliyepanga chumba kijiji cha pili hawezi kuitwa saa nane za usiku akawahi.